Karani wa Jengo la Kanjo

Kila mtu mjini kwetu alimwita Karani. Mkewe pia. Ukifika kwake kumuulizia, mama huyo angekujibu, "Karani ameenda Kanjo," kana kwamba anamzungumzia mtu wa nyumba ya pili. Alikuwa karani wa baraza la mji mpaka mabaraza ya miji yalipofutwa na kaunti zikaingia. Baada ya hapo aliendelea kuwa karani wa jengo tu, maana baraza lenyewe halikuwepo tena.

Jengo lenyewe liko juu kidogo ya steji ya magari, pale barabara ya kutoka Kericho inapoanza kuteremka upande wa Bomet. Ni la mawe ya kuchonga, mabati mekundu, ngazi tano mbele, na nyuma yake majani chai yanaanzia pale pale ukutani. Wazungu wa mashamba walilijenga wapate mahali pa kuchezea dansi na kukutania mambo yao. Baada ya uhuru likawa ofisi na ukumbi wa baraza la mji. Watu waliliita Kanjo, na hata vijana waliozaliwa juzi wanaliita hivyo, ingawa ukiwauliza kwa nini, hawajui.

Mimi nilikuwa taipisti wake. Baba yangu alitoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai. Alikuwa fundi wa boila. Sisi watoto tulizaliwa hapa, tukasoma hapa, tukaizoea baridi ya hapa kuliko joto la kwetu. Nilipomaliza kozi ya kuchapa, Karani ndiye aliyenipa mtihani wa kazi. Alinisomea barua kwa sauti, haraka haraka, kwa lile tamko lake la Kikipsigis lililogeuza "baraza" kuwa "paraza", kisha akachukua karatasi yangu akaenda nayo dirishani penye mwanga. Nilikuwa nimeandika "paraza" mara tatu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu anaandika vile mtu anasema," akamwambia Mwenyekiti wa baraza. "Huyu ndiye nataka."

Kuandika vile mtu anasema ndiyo ilikuwa dini yake. Makarani wengine waliandika kwamba wajumbe walijadiliana kwa kirefu. Yeye aliandika matusi. Kuna kitabu cha kumbukumbu ambamo imeandikwa kwa mkono wake kwamba diwani mmoja alimwita mwenzake punda, na kwamba mwenzake alithibitisha amesikia. Madiwani hao wawili walikuja ofisini kumwomba aufute mstari huo. Aliwapa viti, akawaitishia chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Mimi sikusema. Ni nyinyi mlisema. Mimi ni kalamu tu." Waliondoka wakicheka wenyewe kwa wenyewe, na nadhani walipatana siku hiyo.

Sheria zake zilikuwa nyingi na hakuna aliyezipitisha. Hakuna kofia ndani ya ukumbi. Hakuna kuegemea ukuta, kwa sababu jasho la mtu huharibu rangi. Hakuna gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Hii ya gambuti iliwaumiza wakulima, maana watu walikuja kutoka huko Merigi moja kwa moja kutoka shambani, matope hadi magotini, na walilazimika kuziacha kwenye ngazi na kuingia na soksi. Siku ya kikao ungekuta gambuti zimepangwa mbele ya Kanjo kama za kuuzwa. Wakati mmoja diwani mpya alikataa kuvua. Karani akamwambia basi asikilize kikao kupitia dirishani. Saa nane mvua ya mawe ikaanza, ile yetu ya kila siku ya mchana, na diwani akasimama nje chini ya kibaraza chembamba mawe yakimpiga miguuni, mpaka akavua gambuti akaingia. Hakuna aliyecheka. Mabati yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba kikao kilikuwa kimesimama, kama kawaida, watu wamekaa kimya wakitazama juu wakisubiri, na Karani peke yake ndiye aliyeendelea kuandika.

Lakini ukali huo ulikuwa na mashimo. Mama mboga wa sokoni walijua kwamba mvua ikiwakuta wanaweza kukimbilia Kanjo, yeye atawafokea na atawaacha waingie. "Binadamu, ndiyo. Kuku, hapana," alikuwa akisema mlangoni. Siku moja ya mvua nilirudi kutoka benki nikamkuta amekaa mezani kwake, amekunja uso, anaandika, na chini ya meza kuna majogoo watatu wamefungwa miguu. Aliona ninawatazama.

"Hawa si wa sokoni," akasema. "Hawa ni wa mama mmoja mjamzito." Na akarudi kwenye kazi yake.

Ninasimulia haya ili ijulikane kwamba nilimpenda. Nilikula kwake, nikanywa mursik ya mkewe, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, mpaka nikajifunza kuipenda. Baba yangu na yeye walikuwa na urafiki wa wanaume wasiozungumza sana: mmoja anajua mashine, mwingine anajua karatasi, kila mmoja anaistahi kazi asiyoijua. Bomba la maji la Kanjo lilipopasuka, baba ndiye aliyelitengeneza, Jumamosi yake ya mapumziko, na Karani alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimshikia tochi.

Alikuwa mwoga. Hilo nalo nilijua mapema. Aliogopa mbwa, aliogopa kuvuka mto ukijaa, na zaidi ya vyote alimwogopa Mwenyekiti, ambaye sasa ni marehemu. Mwenyekiti alipokohoa chumba cha pili, Karani alisimama. Kalamuni alikuwa simba. Hiyo kalamu ikiwekwa chini, alikuwa mtu wa kuangalia nani yuko mlangoni kabla ya kusema neno. Mkewe aliwahi kuniambia, tukiwa jikoni, kwamba mume wake ni mtu mzuri mahali ambapo hakuna mtu mwingine.

Sasa ile asubuhi. Ilikuwa siku chache baada ya uchaguzi, katika ule mwaka wa fujo. Nyumba za karibu na posho mili, kile kinu cha kusagia mahindi, zilianza kuchomwa saa mbili. Waliokuwa wakitafutwa ni watu wa kutoka nje, na licha ya kuzaliwa kwangu pale, nje hiyo ilikuwa ni sisi. Tulikuwa kama watu thelathini tuliopanda kwenda Kanjo, kwa sababu ya zile kuta za mawe, na kwa sababu baba alisema, "Karani yuko. Huyo huwa hakosi kazini." Kweli alikuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nilimwona kupitia kioo cha dirisha, amesimama katikati ya ukumbi na koti lake la kijivu.

Baba aligonga kioo kwa kidole, polepole, asimtishe. "Karani. Ni mimi, fundi. Fungua."

"Ufunguo uko na Mwenyekiti," Karani akasema. "Mimi sina."

"Umefungwa kwa ndani, ndugu yangu. Wewe umeingiaje?"

Mama yangu alikuwa amembeba mtoto wa jirani. Alisogea akamwinua huyo mtoto mbele ya kioo. Karani alitazama. Kisha akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka nikawa naona kioo tu na sura zetu wenyewe ndani yake.

Tukaanza kutembea kwenda kituo cha polisi, mwendo wa nusu saa. Kwenye kona ya majani chai vijana walitokea. Baba alisimama nyuma ili sisi tupite. Rungu lilimpata kwenye nyonga. Jioni hiyo tulikuwa juu ya lori kuelekea ziwani, naye amelazwa juu ya magunia, anatuuliza kila mara kama wote tumo. Hakutembea tena bila mkongojo, na mwaka wa nne alifariki.

Baada ya asubuhi ile nilikosekana kazini miaka miwili. Ilipokwisha, nilipata barua yenye muhuri wa baraza. Ilikuwa na mistari miwili. Ilisema likizo yangu imekwisha na niripoti Jumatatu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila kikao walipotaka kumwajiri taipisti mwingine, Karani alisimama akasema nafasi hiyo haiko wazi, mwenyewe yuko likizo. Mwenyekiti alimkemea mbele ya wote. Lakini, wakanisimulia, hakukaa chini mpaka walipoliacha neno hilo.

Nilimwonyesha mama barua. Baba alikuwa bado hai, amekaa kibarazani akisikiliza. Baba akasema, "Kazi ni kazi." Mama akasema, "Nenda kama unakwenda. Mimi ule mlango niliuona mara moja, ikatosha."

Nikarudi. Kuna watu wa kwetu ambao hawajanisamehe hilo, na kuna siku ambazo mimi mwenyewe sijielewi. Nilihitaji kazi, ndiyo, lakini pia niliukumbuka mji. Nilikuta mashine yangu imefunikwa kwa kitambaa safi. Karani alisimama nilipoingia, akasema, "Kuna barua nyingi zimelala hapo," nami nikaketi nikaanza. Hatukuzungumza juu ya ile asubuhi. Siku hiyo hatukuzungumza, na miaka iliyofuata pia hatukuzungumza. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Mlango wa mbele wa Kanjo ulikaa wazi kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja, kipupwe kiwe kikali namna gani. Upepo ulipeperusha karatasi mpaka tukawa tunazilaza chini ya mawe. Madiwani walilalamika, wakavaa makoti kikaoni. Mmoja akiusukuma ufungike, Karani aliinuka, akaufungua tena, akarudi kuketi. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini, na nilikasirika. Nilijiuliza huu mlango wazi unamfaa nani sasa.

Kisha baraza likafutwa. Malori yalichukua madawati, makabati, hata saa ya ukutani. Mimi nilifungua duka la kuchapa na fotokopi ng'ambo ya barabara, na kutoka pale niliona kila kitu. Karani alikuja kila asubuhi kama zamani. Alifagia, akafuta vioo. Mabati ya upande wa nyuma yalipong'olewa na wezi, mvua iliingia stoo, na asubuhi iliyofuata nikamwona akianika vitabu vya kumbukumbu juu ya ua wa michongoma, vimefunuliwa, miaka yote ya mji wetu ikipigwa na jua. Nilivuka nikamsaidia kugeuza kurasa. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa akimletea wanafunzi wake, naye aliwatembeza: hapa Wazungu walicheza dansi, hapa bendera ilishushwa, hapa akina mama walidai soko mpaka wakapewa, hapa tuligawa mahindi mwaka wa njaa. Nilimsikia mara nyingi kupitia ule mlango. Aliruka mwaka mmoja. Kila mara aliruka mwaka ule ule.

Mwaka jana likatoka tangazo kwamba Kanjo litabomolewa lijengwe soko la ghorofa, na kwamba wananchi wataitwa watoe maoni. Karani akaja dukani kwangu na karatasi alizoziandika kwa mkono. Ilikuwa historia ya jengo, alitaka ichapwe igawiwe kikaoni. Hati yake bado ilisomeka. Niliichapa yote, kurasa nne. Kutoka mwaka jengo lilipowekwa mabati mapya, historia iliruka moja kwa moja hadi siku baraza lilipofutwa.

"Hii ndiyo yote?" nikamuuliza.

Alinitazama. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka hiyo yote mimi kuuliza kitu karibu na jambo lile.

"Ndiyo yote," akasema. Akazikunja karatasi, akaenda. Kesho yake alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja karibu saa nzima, hakuagiza kitu, akaondoka. Siku ya tatu vile vile. Wateja walidhani anangoja mtu.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Wauza mboga, watu wa bodaboda, wakulima, na gambuti zao wameingia nazo ndani kwa sababu sheria zile zilikuwa zimekufa. Afisa aliyeongoza alikuwa kijana mpole, na pembeni yake msichana wa kuandika kumbukumbu kwa kompyuta. Wengi walitaka soko. Sikuwalaumu, mimi mwenyewe paa la duka langu linavuja. Karani alipoinua mkono, watu walijua atasema lisibomolewe, na wengine walianza kutabasamu.

Alisimama, kofia mkononi. "Mmepewa karatasi," akasema. "Hiyo historia niliandika mimi. Si yote." Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. "Mwaka wa fujo, watu wetu walikuja hapa nje. Watu wa hii town. Walikuwa wanataka kuingia. Mimi nilikuwa ndani, ufunguo ulikuwa kwa hii mfuko. Nikasema sina."

Afisa akasema kwa heshima, "Mzee, asante. Lakini leo tuko kwenye ajenda ya jengo."

"Na mimi niko kwa jengo," Karani akasema. "Mwenyekiti hakunikataza. Hata hakuwa hapa. Watu wamesema miaka yote ati ni yeye. Ni uongo. Niliogopa nikifungua, kesho nyumba yangu itachomwa. Ni hivyo tu." Kisha akamtaja baba yangu, jina la nyumbani na la ubatizo, fundi wa boila. Akasema, "Alitengeneza bomba ya hii nyumba bure. Nilimwacha hapo nje. Walimvunjia nyonga pale kwa kona."

Kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti, "Sasa kama ni hivyo, si libomolewe tu?"

"Nyamaza!" mama mboga mmoja akamkata.

"Mwache," Karani akasema. "Mkitaka kubomoa, bomoeni. Mimi sikuja kukataza."

Yule msichana alikuwa ameinua vidole kutoka kwenye kompyuta, anamtazama afisa. "Niandike?" akauliza. Afisa alitazama watu, akatazama dari. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Sikuwa nimepanga kusema neno kikaoni, lakini nilisimama.

"Andika," nikasema. "Mimi ni binti yake huyo fundi. Nilikuwepo."

Akaandika. Kikao kikaendelea na mambo ya vyoo vya soko na mahali pa kuegesha magari, na mwishoni ikaamuliwa jengo liondolewe baada ya msimu wa mvua. Mawe yake yatatumika kwenye msingi. Wameshayapaka alama nyekundu.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi, kofia juu ya magoti. Watu walimpita wakishuka, wengine wakimsalimu, wengine wakigeuza uso. Niliketi pembeni yake. Nilikuwa nimengoja maneno yale miaka mingi, na sasa kwa kuwa yalikuwa yamesemwa sikuona kilichopungua kifuani mwangu. Nilikuwa nimechoka tu.

"Mama yako bado yuko?" akauliza.

"Yuko."

"Nataka kwenda kwake. Nimwambie mwenyewe. Utanipeleka?"

"Wacha nimuulize," nikasema, na nikapiga simu papo hapo, kwa sababu nilijua nikingoja kesho sitapiga. Nilizungumza kwa lugha yetu, ambayo Karani haielewi. Nilimweleza mama yaliyosemwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Alisema mbele ya watu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na baba yako, Karani alimtaja?"

"Alimtaja. Majina yote."

Nikasikia akiweka kitu chini, sufuria pengine. Kisha akasema, taratibu, "Mwambie nimesikia. Kuja, asije." Na akakata.

Karani alikuwa akinitazama usoni. Ningeweza kulainisha. Ningeweza kusema mama anaumwa, au njia ni mbaya huko, au tungoje mvua iishe. Aliniona ninasita, akaweka mkono juu ya mkono wangu, akauondoa haraka.

"Amesema amesikia," nikamwambia. "Lakini kuja, usije."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, halafu tena. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Mwambie asante," akasema.

Simu ilikuwa imekatika kitambo, na siku hiyo sikumpigia mama tena.